Khanga, begi la kulalia au mikono huru? Kumlaza mtoto mchanga usiku

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam mwezi Februari, wa pili Njombe mwezi Juni. Wa kwanza nilimfunga khanga mpaka mabegani, kwa sababu mama mkwe alisema mtoto asipofungwa hapati usingizi wa kushiba. Wa pili nilimfunga wiki chache tu, kisha nikamhamishia kwenye begi la kulalia nililolipata kwenye mitumba. Tangu hapo wadogo zangu na majirani wakijifungua huniuliza, "Nimfunge au nisimfunge?" Kila mara nashindwa kuwajibu kwa neno moja, maana ndani ya swali hilo kuna maswali kadhaa: mtoto analala vizuri wapi, joto lake likoje, pumzi yake iko salama, nyonga zake zinakaaje, ananyonya vya kutosha, na usiku nani mwingine atamlaza. Nitayapitia moja moja, njia zote tatu nikiziweka pamoja kwenye kila swali.

Njia ya kwanza ni kumfunga: unamviringisha kwa khanga, kitenge au melimeli, mikono ikiwa ndani, shingo na kichwa vikiwa nje. Madukani siku hizi kuna vitambaa vilivyoshonwa tayari, vyenye mabawa mawili ya kunasisha kifuani. Navyo naviweka hapa hapa, kwa kuwa kazi ni ileile. Ya pili ni begi la kulalia, yaani kama gauni lililozibwa chini, lina zipu, mikono na kichwa viko nje. Ya tatu ni kumwacha huru: nepi na fulana au ovaroli nyepesi, basi.

Kwa zote tatu kuna sharti moja lisilojadiliwa. Mtoto analazwa chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, bila mto, bila mdoli, bila blanketi lililojaa usoni. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Kina bibi huogopa kwamba mtoto aliyelala chali atapaliwa na maziwa anayocheua. Ukweli ni kwamba akiwa chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayopanda hurudi chini, na mtoto mzima wa afya humeza au hukohoa.

Usingizi

Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vya saa mbili mpaka nne, na hatofautishi usiku na mchana mpaka afikishe miezi miwili au mitatu. Karibu nusu ya usingizi huo ni mwepesi sana. Macho yanacheza chini ya kope, anakunja uso, anaguna, mara anatabasamu na wazee wanasema anacheka na malaika. Mzazi wa mara ya kwanza huona hayo akadhani mtoto kaamka, akambeba, na hapo ndipo anapoamka kweli. Kwa hiyo kabla hujaamua kwamba njia fulani haifanyi kazi, msikilize dakika moja au mbili bila kumgusa. Watoto wengi hurudi usingizini wenyewe.

Kinachowaamsha mara nyingi ni mshtuko. Mlango ukipiga, au kichwa chake kikishuka ghafla kutoka mkononi mwako kwenda kitandani, mikono yote miwili inaruka pembeni, vidole vinatanuka, kisha mikono inarudi kifuani kama anayekumbatia, na kilio kinafuata. Daktari wa watoto Ernst Moro aliueleza mshtuko huu mwaka 1918, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Hupungua wenyewe, na kwa kawaida huwa umekwisha mtoto akiwa na miezi minne hadi sita.

Hapa khanga ina nguvu kuliko njia nyingine. Mikono ikizuiwa, mshtuko unakuja na kupita bila kumwamsha, na mtoto aliyefungwa hulala vipande virefu zaidi. Begi haliuzuii mshtuko, kwa kuwa mikono iko nje, ila linamfaa mtoto anayeamka alfajiri kwa baridi kwa sababu blanketi limemtoka. Aliye huru hushtuka kama kawaida. Lakini ana kitu ambacho wa khanga hana: mkono wake unaufikia mdomo, na kuna watoto hujituliza kwa kunyonya ngumi mpaka walale. Binti yangu wa pili alikuwa hivyo. Kila nilipomfunga alisukuma mpaka kiwiko kimoja kikatoka juu, na kikishatoka ndipo anatulia.

Kuna jambo moja ambalo mzazi aliyechoka hapendi kulisikia, na mimi sikupenda. Mtoto mchanga kuamka kwa urahisi ni kinga. Pumzi ikipata kikwazo, anatakiwa aamke, ageuze kichwa, alie. Mtoto aliyefungwa huamka kwa shida zaidi. Kwa hiyo khanga mwombe ikutulizie mtoto anayeshtuka, usiiombe ikupe usiku mzima bila kuamshwa.

Joto

Kwa sisi wa Pwani hili ndilo la kwanza, hata kabla ya usingizi. Usiku wa Februari Dar es Salaam joto huzunguka nyuzi 25, na chumba chenye bati na dirisha moja huwa na zaidi ya hapo. Mwanangu nilimfunga khanga, juu nikaweka blanketi la manyoya alilozawadiwa, kichwani kofia, miguuni soksi. Mikono yake ilikuwa ya baridi kila nilipoishika, nami nikazidi kumfunika. Saa nane usiku nikapitisha vidole nyuma ya shingo yake: nywele zimelowa, khanga imenata mgongoni kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Asubuhi vipele vidogo vyekundu vilikuwa vimejaa kwenye mikunjo ya shingo na kwapani.

Mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa ya baridi kwa kawaida, kwa sababu damu yake bado haizunguki vizuri mpaka nchani. Usipime joto hapo. Pima nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho au pakiwa moto, punguza nguo moja. Ukiwa na kipimajoto, kwapani panatakiwa pasome kati ya 36.5 na 37.5. Kupata joto kupita kiasi usingizini ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla, na kofia ndani ya nyumba ya joto ina mchango mkubwa, maana mtoto hupoza mwili wake kupitia kichwa.

Ukichagua khanga sehemu ya joto, khanga yenyewe ndiyo shuka na ndiyo blanketi. Chini yake nepi peke yake inatosha, au nepi na fulana isiyo na mikono. Tumia kuukuu. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, haipitishi hewa vizuri, na hutoa rangi mtoto akilowa. Iliyofuliwa miaka miwili mitatu ndiyo laini. Kitenge kizito kiache kwa ajili ya kubebea.

Begi linahitaji kusomwa lebo. Mengi ya kwenye mitumba yametoka Ulaya na yana kipimo kinachoitwa tog, kinachoonyesha begi linahifadhi joto kiasi gani. Lililoandikwa 2.5 limeshonwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 20, yaani Njombe, Makete au Limuru mwezi Julai. Mtoto wa Tanga au Mombasa akivishwa hilo atapikika. Kwa joto tafuta la 0.5, au mpe fundi khanga mbili kuukuu akushonee la tabaka moja. Mwambie asiweke kamba wala vifungo vinavyoweza kung'oka.

Kumwacha huru ndiyo njia nyepesi kuliko zote kwa joto, mradi chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Udhaifu wake unaonekana kwenye baridi. Nyanda za juu usiku wa Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na fulana peke yake haitoshi. Ukiongeza blanketi lisilofungwa, mateke yake yatalipeleka ama miguuni ama usoni.

Pumzi, na kitanda anacholala

Mtoto aliyefungwa akajigeuza kifudifudi hana mkono wa kujiinua. Hatari yake hapo ni kubwa mno, na ndiyo sababu madaktari wa watoto husisitiza kuacha kumfunga mara tu anapoonyesha dalili za kutaka kujigeuza: anainua miguu pamoja na kuiangusha upande, anabiringika nusu, anasukuma bega. Wengi huanza wakiwa na miezi mitatu au minne, wengine mapema zaidi. Mimi huwashauri ndugu zangu watumie kalenda ya chanjo, kwa sababu kila mzazi anayo mkononi. Ukirudi kutoka chanjo ya wiki ya 10, anza kutoa mkono mmoja. Siku chache baadaye toa wa pili. Ukienda chanjo ya wiki ya 14, khanga ya kufungia iwe imeshageuka ya kufutia. Akijigeuza kabla ya hapo, acha siku hiyo hiyo. Na siku ya chanjo yenyewe usimfunge kabisa, maana homa ndogo huweza kupanda usiku na khanga itaiongeza.

Kitambaa kilichofungwa ovyo nacho ni hatari, kwa sababu hufunguka kikapanda puani. Begi halina tatizo hilo endapo tundu la shingo linamtosha. Mengine huanzia kilo 4, na ukimvisha mtoto wa kilo 3 kichwa kinaweza kuzama ndani. Begi pia unaweza kuendelea nalo baada ya kujigeuza, jambo ambalo kwa khanga haliwezekani. Epuka lolote lililoshonewa vitu vizito ndani eti vimtulize mtoto.

Sasa kitanda. Wengi wetu tunalala na mtoto kitanda kimoja, na sitajifanya sijui hilo. Ushauri wa kitaalamu ni chumba kimoja na mama kwa miezi sita ya mwanzo au zaidi, lakini mtoto awe na mahali pake: kitanda kidogo, au godoro dogo gumu pembeni. Ikiwa bado unalala naye, usimfunge. Aliye huru anaweza kuusukuma mkono wako au shuka, aliyefungwa hawezi, na joto la mwili wako linaongezeka juu ya la khanga. Usilale naye kabisa ikiwa wewe au baba yake amekunywa pombe, anavuta sigara au ametumia dawa za usingizi, au mtoto alizaliwa njiti. Kochi usilalie na mtoto hata kwa dakika kumi.

Nyonga na miguu

Mtaani kuna imani kwamba miguu isiponyooshwa na kufungwa, mtoto atapata matege. Miguu ya mtoto mchanga imepinda kwa sababu alikaa amejikunja tumboni, na hunyooka yenyewe anapokua, kwa kawaida ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kuinyoosha kwa nguvu na kuikaza ndiko kunakoleta madhara, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa imara kwenye kikombe cha nyonga na kinaweza kutoka mahali pake. Japani iliona nyonga za watoto zikiharibika kwa wingi, na katika miaka ya 1970 ikafundisha wazazi kuacha kuwanyoosha miguu watoto. Tatizo likashuka sana. Kwetu tatizo hili huonekana kidogo, na madaktari wa mifupa wanauhusisha uzima huo na mbeleko: mtoto mgongoni hukaa amepanua mapaja, magoti juu, na nyonga hujijenga zikiwa mahali pake.

Kwa hiyo khanga ibane mikono na kifua, chini ilegee. Mtoto akiwa ndani aweze kukunja magoti na kuyapanua kama chura. Kifuani viingie vidole viwili kati ya khanga na ngozi. Begi pana na kumwacha huru havina shida yoyote hapa. Aliyezaliwa akitanguliza makalio, au mwenye ndugu aliyekuwa na tatizo la nyonga, hasa akiwa wa kike, mwonyeshe daktari kabla hujamfunga.

Kunyonya

Katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, mahali pa mtoto ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, siyo ndani ya khanga. Baada ya hapo anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na anaomba kwa mikono: anaipeleka mdomoni, anapapasa, analamba ngumi kabla ya kulia. Ukiificha mikono unaificha na ishara hiyo. Mtoto mpole aliyefungwa vizuri huweza kulala saa tano wakati wa siku zake za kwanza, nyumba nzima ikafurahi, kumbe uzito unashuka na manjano yanapanda. Mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, ukimfunga weka saa ya kukuamsha, na umfungue kila anaponyonya. Begi na mikono huru vinakuachia uione njaa mapema, ingawa usiku wa giza bado unahitaji masikio.

Gharama haina mjadala mrefu. Khanga unayo, kumwacha huru hakuna bei, begi utanunua mawili ili moja likauke.

Usiku nani atamlaza?

Ndani ya arobaini mtoto hupita mikononi mwa wengi: mama mzazi, mama mkwe, shangazi, dada wa kazi. Hili sikulifikiria kwa mtoto wa kwanza. Mimi nilimlaza chali, mama mkwe akimchukua alfajiri nipumzike anamfunga upya na kumlaza kifudifudi ili atoe gesi. Mtoto aliyezoea chali, siku akilazwa kifudifudi, yuko hatarini kuliko kawaida, na akiwa amefungwa hatari inazidi. Khanga inahitaji mkono uliofundishwa. Begi halihitaji, zipu ni zipu. Kumwacha huru mtu yeyote anaweza, ila lazima umzuie asiongeze blanketi kwa huruma.

Kumwambia mama mkwe si rahisi. Mimi nilisema, "Mama, nesi wa kliniki kanielekeza hivi, naomba unisimamie nisisahau." Nilipompa kazi ya kusimamia, akawa mkali kuliko mimi.

Kwa hali yako

Mtoto alizaliwa akiwa ametimiza miezi yake, sasa ana wiki chache, anashtuka sana, ana kitanda chake, na anayemlaza ni wewe au mtu unayemwamini: khanga itakusaidia. Mfunge usiku na usingizi mmoja wa mchana, muda mwingine mwachie mikono.

Uko sehemu ya joto, au umeme wa feni ni wa kukatika: mwache huru, na mshtuko upunguze kwa namna ya kumlaza. Shusha makalio kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho, na kiganja chako kibaki kifuani mwake mpaka apumue taratibu.

Uko kwenye baridi, mtoto ana kilo 4 na kuendelea, au ameshaanza kujigeuza: begi. Hivyo hivyo kama unarudi kazini na mtoto ataachwa na dada wa kazi au kituoni.

Mnalala kitanda kimoja: huru, kila siku, bila khanga na bila begi nene.

Mtoto amezaliwa na chini ya kilo 2.5: yeye ana njia ya nne, ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokosa mashine za joto za kutosha. Anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na nepi na kofia yake, akifungwa hapo kwa kitenge, miguu imekunjwa kama chura na uso umegeuzwa upande, saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ukatangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto wadogo sana walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Usimtoe kifuani umfunge peke yake kitandani mpaka wanaomhudumia wakuruhusu, na muulize nesi akufundishe kukaza kitenge kabla hujatoka wodini.

Umejaribu zote na bado halali: huenda si suala la kulazwa. Mvue nguo zote umtazame kwenye mwanga. Akiwa na homa ya 38 au zaidi, au mwili wa baridi chini ya 35.5, akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea ndani, viganja na nyayo zikiwa za manjano, au amelegea hachezi mpaka umguse, mweke kifuani, jifungeni kitenge, mwende hospitali usiku huo huo.